Meza ya gololi za kale Kisutu: mali ipo, ila nenda na lenzi yako

Nianze na jibu, maana najua wengi mtasoma mistari miwili kisha mpande daladala: ndiyo, kwenda kunalipa. Kwa hapa Dar sijaona meza nyingine yenye gololi za kale za kioo nyingi namna ile, tena za kweli. Tatizo ni kwamba mwenye meza anapanga bei kwa hadithi, na hadithi zake nyingi hazina mguu wa kusimamia. Ukienda ukiwa unajua kusoma kovu la gololi, yaani alama iliyobaki pale fundi alipoikata, utarudi na mali. Ukienda na masikio tu utapigwa, na utapigwa kwa heshima zote, umekalishwa kwenye stuli na kikombe cha kahawa mkononi.

Mahali penyewe ni Kisutu, upande wa mitaa ya masonara. Ni nusu banda nusu meza, limejibanza ubavuni mwa jengo la zamani lenye roshani za mbao. Halina kibao. Uliza mzee wa sarafu, vijana wa kuegesha magari watakuonyesha. Biashara yake hasa ni sarafu: rupia na heller za Mjerumani, senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, noti za enzi za Mwalimu. Gololi zilimfuata tu. Watu wakifunga nyumba ya marehemu humletea kopo zima lenye sarafu, vifungo, funguo na gololi, naye hununua kopo kwa jumla.

Ukifika utakuta trei tatu na kopo la maziwa ya unga.

Trei ya kwanza anaiita ya watoto, gololi moja shilingi mia mbili. Nyingi humo ni jicho la paka, na kila aliyekulia Ilala, Temeke au Magomeni anazijua: kioo kinachopitisha mwanga, ndani majani matatu au manne ya rangi yaliyokutana katikati. Si za kale. Aina hii ilianza kumiminika duniani kutoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo ukionyeshwa jicho la paka ukaambiwa liliachwa na Mjerumani, muulize Mjerumani yupi, maana wa kwetu waliipoteza Dar es Salaam mwaka 1916. Mia mbili ni bei ya haki. Wanunulie watoto wacheze, na usiiache trei hiyo haraka, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Trei ya pili, yenye kitambaa cha bluu, ndiyo iliyonipeleka. Humo zimo za mkono.

Gololi nyingi za kioo zilizosambaa duniani karne ya 19 zilitoka Ujerumani, hasa mji wa Lauscha kwenye milima ya Thuringia, mji ulioanza kuyeyusha kioo tangu 1597 na uliojulikana pia kwa macho ya bandia na mapambo ya mti wa Krismasi. Miaka ya 1840 mafundi wa huko walibuni mkasi wa ajabu kidogo: upande mmoja una kikombe, upande wa pili una kisu. Fundi alitengeneza kwanza mche mrefu wa kioo. Alianza na kiini, akakizungushia nyuzi za rangi, akakivika kioo safi, akaongeza nyuzi nyingine juu, kisha akauvuta mche ukiwa wa moto huku akiusokota. Baadaye aliipasha ncha ya mche hadi ilegee, akaiingiza kwenye kikombe, akaizungusha iwe duara, akakata. Gololi ilidondoka, na pale ilipokatwa pakabaki kovu.

Kovu hilo ndilo la kulipia. Gololi ya mkono mara nyingi ina makovu mawili, moja kila ncha, kwa sababu ilikatwa mbele na nyuma. Lingine ni kipele kinachokwaruza ukucha, lingine limeyeyushwa kwa moto likalainika, lingine limesagwa kwenye jiwe likabaki na bapa ndogondogo. Bapa hizo unaziona ukiigeuza gololi taratibu chini ya dirisha. Na hapa ndipo wengi wanapochanganya: si kila kidonda ni kovu. Kovu la kweli liko kwenye ncha ya msokoto, na nyuzi zote zinakusanyika kulielekea. Ukiona kidonda ubavuni, nyuzi zikipita chini yake bila kubadili njia, hilo ni pigo la mchezo tu. Mzee anaziita zote mbili alama ya fundi. Usibishane naye, rudisha tu gololi kwenye trei.

Wakati mwingine utaona nyuzi zinazokatika kabla ya kufika kovu la pili, upande mmoja umebaki kioo kitupu. Usidhani ni mbovu. Hiyo ilikuwa ya kwanza au ya mwisho kukatwa kwenye mche, pale rangi zilipokuwa hazijaanza au zimekwisha. Wakusanyaji wanazitafuta, na mzee bado anaziuza kwa bei ya chini kwa sababu anaziona zina kasoro. Msimwambie. Natania, mwambieni mkishalipa.

Niliyoinunua mimi ina kipenyo cha milimita 17 kwenye kalipa yangu, na nikiipima upande wa pili inazidi kidogo, kwani za mkono mara chache huwa duara kamili. Kiini chake ni wavu wa nyuzi nyeupe uliosokotwa hadi unafanana na dema la mvuvi, na juu, karibu na uso, kuna mafungu ya nyuzi nyekundu na kijani yanayopishana. Wavu mweupe ndio wa kawaida kuliko wote. Wa njano unafuata. Ukikuta mwekundu au wa bluu kaa chini kwanza upumue. Yangu ina vijipigo vya mwezi mwandamo sehemu kadhaa, vile vinavyotokea gololi ikigongwa bila kumeguka. Alianzia elfu sitini, tukamalizia thelathini na tano. Kwa hali yake naona ni bei nzuri, si ya bure. Ingekuwa haina pigo hata moja ningempa sitini zake bila kusema neno.

Sasa lawama, na ni kubwa. Mzee anapaka gololi mafuta ya nazi. Anasema anazipa uhai. Anachofanya ni kujaza mikwaruzo, maana mafuta yakikaa ndani ya mchubuko mwanga haukatiki tena na kioo kinaonekana kipya. Beba kitambaa kikavu na sabuni ya maji kidogo kwenye kichupa. Futa kabla ya kutaja bei. Nilipofuta mbele yake hakukasirika, alicheka, akasema, "Mwanangu, hata bibi harusi hupakwa." Ni kweli, nikamjibu, ila bibi harusi hauzwi kwa kipande. Ukifika nyumbani osha kwa maji ya uvuguvugu tu. Usithubutu kuchemsha, kioo cha zamani hakipendi kushtuliwa na joto na kinaweza kupasuka.

Baya kuliko mafuta ni zilizosuguliwa. Kwenye kona ya trei hiyo ya bluu kuna gololi zinazong'aa mno, na aliniambia mwenyewe, bila kuficha, kwamba fundi mmoja wa vito jirani alimsafishia kwa mashine. Kusugua kunaondoa ngozi ya asili ya kioo, na mara nyingi kunaondoka na kovu lenyewe. Ikifika hapo huwezi tena kuthibitisha chochote, ni mpira wa kioo mzuri, basi. Hizo ndizo anazoziuza ghali zaidi. Kati ya gololi iliyochakaa yenye kovu na iliyong'arishwa isiyo nalo, chukua iliyochakaa, hata kama macho yako yanakwambia vingine.

Kuhusu taa. Mimi ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, na taa ya kukagulia noti ni chombo changu cha kila siku, hivyo nilikwenda na ile ndogo ya betri. Watu wa meza ya jirani walikuja kuangalia. Ukiimulika gololi kivulini, chache zinawaka kijani kikali kama taa ya msikiti usiku. Hizo kioo chake kilitiwa urani, madini yenye mionzi, jambo lililokuwa la kawaida kwa mafundi wa zamani waliotaka rangi ya njano au kijani. Gololi moja yenye urani haina la kukutisha ukiiweka kabatini. Ila msiichukue taa kuwa hakimu. Mwanga hafifu wa kijani unaweza kutokana na madini mengine, manganizi, na wapo mafundi wa leo wanaotumia urani vilevile. Taa inakwambia kilichomo kwenye kioo, haikwambii umri. Mzee alipoona hivyo alizitenga zilizowaka na nina hakika bei yake imeshabadilika.

Anazo pia zenye mstari unaometameta rangi ya dhahabu, na anaapa ni dhahabu. Ni chembe za shaba ndani ya kioo. Wakusanyaji wa Marekani wanaziita Lutz, kwa jina la Nicholas Lutz, fundi aliyekuwa kiwanda cha vioo cha Boston and Sandwich, ingawa gololi zenyewe zilitengenezwa Ujerumani. Shaba au dhahabu, zinathaminiwa sana, na aliyo nayo mzee yenye mistari miwili ya namna hiyo juu ya kioo cha bluu ndiyo gololi nzuri kuliko zote pale. Anataka laki moja na nusu. Sijainunua kwa sababu nina karo ya shule ya kulipa. Mwenye nafasi na awahi.

Turudi kwenye ile trei ya mia mbili. Mzee ana kanuni yake: isiyo na kovu ni ya juzi. Kanuni hiyo inamkosesha fedha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Martin Frederick Christensen wa Akron, jimbo la Ohio, alibuni mashine ya kuviringisha kioo cha moto kikawa duara bila kuacha kovu, akapewa hataza mwaka 1905. Za kwake za mwanzo bado zilikuwa na mkono wa mtu ndani yake, kwani mfanyakazi alichota kioo kwa fimbo na kukidondosha kwenye mashine, na msokoto wa kudondosha ukabaki juu ya gololi ukiwa na umbo la tarakimu 9, upande wa pili mkia. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokata bidhaa za Ujerumani, viwanda vya Marekani vikachukua soko. Akro Agate, waliohamia Clarksburg, West Virginia, mwaka 1914, walitoa gololi zenye utepe wa rangi unaozunguka kama skurubu kutoka ncha hadi ncha, wakaendelea hadi walipofunga mwaka 1951.

Na mojawapo ilikuwa pale, kati ya macho ya paka, shilingi mia mbili. Nyeupe, utepe mwekundu unaizunguka, milimita 16 kamili, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha gololi za mashine za kuchezea. Jinsi ya kuitambua: fuata utepe kwa kidole. Kwenye jicho la paka rangi iko ndani, kioo kimeifunika. Kwenye hii utepe uko juu ya uso, unazunguka bila kukatika, na unazama kidogo ndani ukiutazama dhidi ya mwanga. Nililipa, kisha nikamweleza ni nini na imetoka wapi. Nilipopita tena trei ya watoto ilikuwa imepekuliwa na kuna trei ndogo mpya yenye karatasi iliyoandikwa MAREKANI kwa kalamu ya wino mzito, elfu kumi kila moja. Nusu yake ni za Kichina za juzi. Ndiyo maana nasema asiyejua asubiri nje kwanza.

Kopo la maziwa lina gololi za chupa za soda, na hapa mzee ni mkweli kabisa. Ni za kijanikijani, hazina rangi ndani, hazina kovu, zote zinafanana. Katika miaka ya 1870 Mwingereza Hiram Codd alitengeneza chupa ya soda yenye gololi shingoni. Gesi ya soda yenyewe inaisukuma gololi juu ikabane kwenye pete ya mpira, chupa ikajifunga bila kizibo. Ukitaka kunywa unaisukuma gololi kwa kidole. India bado wanauza soda ya namna hiyo mitaani, Japani pia. Kila mahali zilikofika watoto walizivunja wapate gololi, na ndiyo sababu chupa nzima ni adimu kuliko kilichomo. Elfu mbili moja. Nunua moja kwa ajili ya kumbukumbu, ya pili ya nini?

Kisha kuna gololi kubwa ya kioo cheupe yenye tembo ndani, imewekwa peke yake kwenye kisanduku cha saa. Laki nne. Anasema ilikuwa ya ofisa wa Kijerumani. Gololi za mkono zenye vinyago ndani zipo kweli, na ni za kale: kinyago cheupe cha udongo kilizamishwa kwenye kioo cha moto, na kwa sababu ya hewa nyembamba iliyokizunguka kinaonekana kama kimepakwa fedha. Tembo huyu ni wa kijivu na meno yake meupe yamepakwa rangi, wala hamna ule mng'ao wa fedha. Chini pamesagwa bapa ili isibiringike mezani. Kwa macho yangu ni kizito cha kukandamizia karatasi cha miaka ya karibuni. Mimi sitoi hata elfu ishirini. Nilipomuuliza aliipataje alisema, "Mwenye macho ataiona," na akafunga kisanduku.

Hata hivyo nampa mzee huyu sifa moja ambayo wauzaji wengine hawana: kaunta buku. Kila kopo linaloingia analiandika tarehe, mji lilikotoka na bei aliyotoa. Ukinunua anakufungulia ukurasa usome mwenyewe. Gololi yangu ya wavu imeandikwa ilitoka Pangani ndani ya kopo lenye sarafu za heller. Hilo halithibitishi kwamba ililetwa na Mjerumani, maana mali ya Lauscha iliuzwa dunia nzima na ingeweza kushuka bandarini kutoka meli yoyote, lakini ni habari ya kweli na nimeinakili. Kilichoandikwa kwenye kaunta buku nakiamini. Kinachosemwa kwa mdomo, baada ya kahawa, nakisikiliza kwa raha na sikilipii.

Nawalinganishia kidogo na ununuzi wa simuni. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, alinitumia picha za gololi zilizopigwa chini ya taa ya njano, hakuna hata moja iliyoonyesha ncha. Niliomba picha ya kovu, akaniuliza kovu gani. Mazungumzo yakaishia hapo. Kisutu angalau unashika kwa mkono wako, unatumia mwanga wa mchana, na hakuna anayekuharakisha.

Mengine madogo. Lenzi ya mzee imekwaruzika, haifai. Yangu niliinunua kwa masonara hapohapo jirani, yenye kukuza mara kumi, na inatosha. Risiti hatoi, ila anakubali urudishe ndani ya siku mbili ukikuta ufa ambao hamkuuona wote wawili, na nimeshuhudia akimrudishia fedha kijana mmoja bila kelele. Anapokea malipo ya simu lakini makato yako juu yako, na kama mna fedha taslimu atashuka elfu tano zaidi. Magari ni shida, shukeni kituo cha mwendokasi mtembee. Asubuhi kabla ya saa nne ndio muda mzuri, jua linapiga mezani moja kwa moja. Baada ya adhuhuri jengo linatupa kivuli na hutaona kovu wala nyuzi. Ijumaa anafunga saa sita. Jumapili hayupo.

Ukienda wiki hii, anza na kona ya kushoto ya trei ya bluu. Niliacha mbili zenye riboni pana ndani badala ya wavu, moja ya kijani na nyeupe, makovu yote mawili yakiwa hayajaguswa, elfu arobaini kabla ya kupatana. Ile ya kijani ingekuwa yangu kama si karo.